Mahari ya Amida

Wazee walikuwa wamekwisha kuelewana: cherehani, vitenge na mkufu wa dhahabu. Kilichobaki ni kumwuliza bibi harusi, maana mahari ni haki yake, ingawa katika familia za Maniema pale Lubumbashi swali hilo huulizwa kwa adabu tu. Msichana huitikia "Nakubali" nyuma ya pazia, watu wakala pilau.

Tangu asubuhi Amida alikuwa akimsikia mzee Aruna, baba mdogo wa bwana harusi, akijisifu sebuleni ndani ya suti yake mpya ya abakosti. Abibu, bwana harusi mwenyewe, alikuwa karani wa kampuni ya shaba kule Kinshasa.

"Kinshasa haiko mbali, bandugu! Unapanda ndeke ku kiwanja ya Luano, masaa mbili na nusu, unashuka. Kufika Kasungami na ile matope, njo mbali!"

Watu walicheka. Amida alikereka. Masaa mawili na nusu kwa nani? Kwa mwenye tiketi ya ndege. Asiye nayo atapanda treni hadi Ilebo, kisha boti ya mtoni, wiki na wiki, akijaliwa kufika.

Na shangazi yake Bahati alikuwa amekaa pale pale mkekani, mkono wake wa kulia umepinda. Aliuvunja mumewe, huko huko Kasungami, pembezoni mwa mji. Bahati alimfunga mtoto mgongoni, akatembea katika matope yale mpaka kwa kaka yake, wala hakurudi tena. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Amida, unakubali ile mahari?" aliuliza mwalimu wa msikiti.

"Hapana, mwalimu. Cherehani na mukufu babebe. Miye nataka tiketi ya ndeke, Kinshasa mpaka Luano, mu jina yangu, nichunge miye mwenyewe. Ikiisha mwaka na tiketi inakufa, Abibu ananunua ingine."

Baba yake alikohoa. Mzee Aruna aliruka wima.

"Uyu mutoto anaenda ku ndoa ao ku vita? Hata hajaolewa, anafikiri kukimbia! Abibu, simama twende!"

Amida alitoka nyuma ya pazia, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Aliogopa, lakini hasira ilikuwa imeitangulia hofu.

"Baba Aruna, ni weye ulisema Kinshasa iko karibu. Basi ikuwe karibu na kwangu pia. Shangazi alirudia na miguu. Miye nitarudia na nini?"

Bahati aliuinua mkono wake uliopinda, akatengeneza mtandio polepole, kila mtu akauona.

Abibu alibaki amekaa. "Na kama sikupigi hata siku moja," aliuliza, "ile tiketi utafanya nayo nini?"

"Nitakuya kusalimia mama."

"Basi ninunue ya kwenda na kurudi."

"Ya kuya huku tu. Ya kurudi kwako utanunua siku ile, kama ungali unanitaka. Na kama miye ningali nakutaka."

Mzee Aruna alikuwa mlangoni, anavaa viatu. Abibu hakumtazama. Alimgeukia mwalimu, na siku hiyo aliyeitikia "Nakubali" alikuwa mwanamume.