Seva ya Dada Wawili

Kwa miaka sita hakuna mtu aliyegusa seva ya ofisi ile isipokuwa mwanamke mmoja, na watu walimzoea hivyo hata wakamwita Dada Seva. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo: kimoja cha bosi na wateja, kingine cha meza tatu, feni moja, na kabati la chuma ambamo seva ilinguruma mchana kutwa. Bosi alikuwa mwalimu wa zamani wa umeme, na sasa alitengeneza programu za wavuti kwa wateja wadogo wadogo. Mteja wao wa siku nyingi alikuwa zahanati ya mtaa wa pili. Wagonjwa walipanga miadi kwa simu zao, na jioni ya kuamkia siku yenyewe wakakumbushwa kwa ujumbe.

Dada Seva ndiye aliyemwombea kazi mdogo wake. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho nyumbani kwao, na jina la Kitinda lilimganda tangu utotoni. Alipomaliza chuo alikuja kukaa kwa dada yake, wakagawana chumba na kabati la nguo, na kila asubuhi wakatembea pamoja kwenda kazini. Miezi ya kwanza Dada Seva alijivunia sana. Alimtambulisha kwa kila mtu, hadi muuza vioo wa chini.

Kisha akaja mteja mpya, shule ya lugha iliyofundisha kwa mtandao. Wanafunzi wake walikuwa nchi ya mbali. Wao wakinywa chai ya asubuhi, huku kwetu watu wanafunga ofisi. Programu ya shule iliwekwa kwenye seva ileile ya zahanati. Seva ilifuata saa ya hapa, kwa hiyo Dada Seva akaandika hesabu yake: kila muda wa somo upunguzwe saa saba. Ikaenda vizuri wiki tano. Wiki ya sita nchi ya wanafunzi ikarudisha saa zake nyuma kufuata majira ya baridi, na siku hiyo wanafunzi arobaini wakafungua darasa wakakuta mwalimu ameshaaga.

Bosi aliwaita wote wawili. Dada Seva akasema atabadilisha saba iwe nane, mambo yaishe. Kitinda akauliza itakuwaje saa zikirudi tena, na itakuwaje akija mteja wa tatu kutoka nchi nyingine. Yeye aliona seva yenyewe isifuate mji wowote. Iwekwe kwenye saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya hapa kwa saa tatu, kisha kila programu iambiwe peke yake inahudumia watu wa wapi, isome saa yao.

Bosi alicheka kwa furaha. Alisema sisi tangu utotoni tunatembea na saa mbili kichwani, simu inaandika tisa na mdomo unasema tatu, wala hatujawahi kupotea. Seva nayo itaweza. Akampa Kitinda kazi hiyo, na akamwambia dada yake amsaidie.

Amsaidie. Neno hilo Dada Seva alirudi nalo nyumbani. Wazo lenyewe hakuwahi kuwa nalo, na hapo ndipo palipomchoma. Jioni ile mama yao alipiga simu, na Kitinda alipomsimulia, mama akamwita mhandisi wake. Miaka sita mama huyohuyo hakuwahi kuuliza mwanawe wa kwanza anafanya kazi gani hasa. Akiulizwa na jirani, husema yuko kwenye mambo ya kompyuta. Dada Seva alikuwa akikunja nguo. Aliikunja blauzi moja mara tatu, kila mara akiona haijanyooka.

Tangu siku hiyo kila jambo la mdogo wake lilimkwaza. Anavyocheka na bosi. Anavyoacha kikombe mezani. Anavyosema "dada" mbele ya watu, kana kwamba anamwonea huruma.

Jumamosi alasiri, ofisi ikiwa imefungwa kwa wateja, walikaa wawili mbele ya seva. Kitinda alikuwa na karatasi yenye orodha, na kila alichokimaliza alikikata kwa kalamu. Programu ya zahanati, tayari. Programu ya shule, tayari. Kabla ya kubadilisha saa ya seva aligeuka.

"Dada, kuna kitu kingine chochote kinachosoma saa ya seva yenyewe?"

Kilikuwepo. Mwaka wake wa kwanza Dada Seva aliandika kiprogramu kidogo, akakiweka pembeni, nje ya programu ya zahanati. Kila siku saa kumi na mbili jioni ndicho kilichotuma ujumbe kwa wagonjwa wa kesho, na saa zote kilizitoa kwenye seva. Alikijua kama kiganja cha mkono wake.

"Hakuna," alisema.

Kitinda akabadilisha.

Jumapili saa kumi na mbili jioni Dada Seva alikuwa anapiga pasi. Alitazama saa ya ukutani, akajua ujumbe haujatoka. Utatoka saa tatu usiku, na kila miadi humo itakuwa imerudi nyuma kwa saa tatu. Kompyuta yake ilikuwa kitandani, hatua mbili. Dakika tano zingetosha. Alijiambia ni fedheha ndogo tu, bosi aone kwamba haraka haraka haina baraka. Wagonjwa hawakumjia akilini hata kidogo. Aliendelea na pasi mpaka shuka za mdogo wake nazo akazinyoosha.

Asubuhi ya Jumatatu zahanati ilipofunguliwa saa mbili, watu kumi na saba walikuwa mlangoni, wengine tangu alfajiri, kwenye manyunyu. Karani wa zahanati alipiga simu ofisini, na sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi. Bosi alimsema Kitinda mbele ya mteja aliyekuwa amekaa pale. Kitinda hakujitetea. Aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kosa. Dada Seva alisikia utamu kifuani, utamu wa kweli kabisa, na haukudumu hata kufika mlangoni, kwa sababu bosi alimtuma yeye akaombe radhi zahanati.

Kwenye benchi la ukumbini palikuwa na fundi cherehani mzee, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Miadi yake ilikuwa ya saa nne, kupima damu. Ujumbe ulimwambia saa moja, naye alikuja bila kula kama alivyoagizwa. Akasimama, akasubiri, kizunguzungu kikamwangusha kwenye ngazi. Karani alisema mfupa haukuvunjika, ila mkono hautashika mkasi wiki tatu. Mzee alikuwa na sare za shule za kushona. Aliposikia Dada Seva ametoka kwa watu wa kompyuta, hakufoka.

"Mwanangu," alisema, "hiyo saa yenu inafuata nchi gani?"

Dada Seva aliitazama bendeji. Aliomba radhi kwa niaba ya ofisi, na maneno "kwa niaba ya ofisi" akayarudia mara mbili.

Jioni walitembea kurudi nyumbani kama kawaida. Walipofika kwenye kibanda cha vocha alisimama, akasema alikijua kile kiprogramu, na kwamba alidanganya.

"Nimejua tangu saa nne," Kitinda alisema. "Nimelikuta faili. Juu kabisa umeandika mwenyewe: usisahau hiki."

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Wewe ndiye uliyeniombea kazi." Akahamisha mkoba bega la pili. "Lakini sitakuuliza tena kitu nikakiamini palepale, dada. Nataka ujue hivyo."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Hata wema wa mdogo wake sasa aliuonea wivu.

Kesho yake alimweleza bosi yote. Bosi alisikiliza hadi mwisho, akamwambia abadilishe neno la siri la seva na ampe Kitinda. Dada Seva mwenyewe abaki na kazi za kawaida mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Siku tatu baadaye, mwezi ulipoisha, Dada Seva alipeleka sehemu ya mshahara wake kwa fundi cherehani. Mzee alizipokea fedha hizo, akamuuliza kama anajua kukata vitambaa. Hakujua, lakini Jumamosi tatu mfululizo alikwenda kushika mkasi, mzee akimwelekeza kwa mkono wa kushoto na kumcheka.

Kitinda alihamia chumba chake mwenyewe. Mama alipouliza sababu, kila mmoja kwa wakati wake alisema ni karibu zaidi na kazini.

Saa za nchi ya wanafunzi ziliposogezwa mbele tena, darasa lilifunguka kwa wakati na ujumbe wa zahanati ukatoka saa kumi na mbili jioni. Shule ilituma shukrani, zikimtaja Kitinda peke yake, na bosi akazisoma kwa sauti. Dada Seva alihisi kile kichomi chake palepale kilipokaa siku zote. Aliinuka, akaenda hadi meza ya mdogo wake, akamwambia kazi imekaa vizuri. Ilimgharimu kusema hivyo. Kitinda alimtazama kidogo, kisha akavuta kiti cha pembeni, akamwonyesha ombi la mteja wa tatu.