Wimbo wa Supu ya Targelia

Kwa miaka kumi na tisa, watu wa kijiji cha Rumiloma hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Heriberto alipoanza kupanda njia ya shamba la juu, sauti yake ilimtangulia kama jogoo aliyemeza tarumbeta, na wimbo ulikuwa uleule, alioutunga mwenyewe kumtania dada yake:

Supu ya Targelia ina viazi viwili,
kimoja chauliza, "Chumvi, utakuja lini?"
Kingine chakijibu, "Chumvi kaolewa mjini!"

Targelia alikuwa akitokeza mlangoni na mwiko mkononi, akitishia kumpasua kichwa. Heriberto naye alizidisha sauti.

Kule juu, msitu unakoanzia, dubu pia alikuwa akisikia. Walimwita Mzee wa Miwani, kwa sababu ya yale mabaka meupe yaliyozunguka macho yake. Wimbo ukikaribia, aliteremka mtini bila haraka, akajikung'uta, akaenda zake bondeni.

"Hana ubaya," Heriberto alizoea kusema. "Ana haya tu, kama mkwe. Ukimpigia hodi anakupisha. Ukimfumania, mnaaibika nyote wawili."

Ni yeye aliyewabembeleza majirani wavune mahindi yakiwa bado mabichi, wasiyaache shambani yakamwita dubu. Ni yeye aliyewafanya wafunge mbwa wao, na wakubaliane kwamba mtu yeyote akifika kwenye kona ya mwerezi ajitangaze kwa sauti. Walimcheka, wakakubali. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeparuzwa, na hakuna dubu aliyepigwa risasi.

Siku chache baada ya Krismasi, mapafu yalimshinda Heriberto.

Mwezi Machi mahindi ya shamba la juu yalikuwa tayari kuchemshwa. Zoila, mkewe, alipanda peke yake na kikapu mgongoni, nguo nyeusi, mdomo kimya. Alipoikata kona ya mwerezi alimkuta Mzee wa Miwani ameketi katikati ya njia kama mwenye nyumba, akitafuna moyo wa mmea wa miiba. Kati yao palikuwa na hatua sita, labda saba. Dubu alipumua kwa kishindo. Zoila alirudi kinyumenyume, taratibu, kama alivyofundishwa na marehemu, mpaka kona ikawaficha. Kisha akateremka kilima kwa mwendo ambao hakufundishwa na mtu.

Siku mbili baadaye mistari miwili ya mahindi yake ilikuwa imelala chini.

"Anadhani shamba halina mwenyewe," alisema Don Abelardo, jirani ambaye shamba lake limepakana na lile. Alikuwa ameegemea uzio wa Zoila, kofia mkononi. "Ulijitangaza, mama Zoila?"

"Nilisali rozari njia nzima."

"Kwa sauti?"

"Kwa moyo."

"Ala! Mzee wa Miwani si Mungu, mama. Hasikii sala za moyoni." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilimpenda Heriberto. Lakini wajukuu wangu wanapita kona ile. Jumapili kuna mkutano. Nikiona unyayo wa dubu upande wangu kabla ya hapo, nitasema aitwe mwenye bunduki. Na wewe usipande tena kule peke yako."

Zoila aliingia ndani, akakaa kitandani upande ambao haukuwa wake. Kumpoteza Heriberto hakukuwa na dawa. Lakini sasa na dubu wake auawe, na shamba lake liachwe liote majani, ndani ya mwaka mmoja! Aliona ni kama kumzika mara tatu.

Jioni ile alimfuata wifi yake jikoni.

"Wifi, itabidi niuimbe ule wimbo."

Targelia aliacha kukoroga. "Upi?"

"Unaujua."

"Mjane haimbi mpaka misa ya mwaka. Mama yetu hakuimba, bibi hakuimba. Na wewe ukiamua kuvunja mwiko, uuvunje kwa wimbo wa kunisimanga mimi?"

"Dubu anaujua huo tu."

"Basi na ajifunze rozari, akiisikia vizuri. Wewe unasali kama mtu anayeficha siri. Kesho nakupeleka mwenyewe, uone Mkristo anavyosali."

Zoila alionja supu.

"Sema," Targelia akamwambia.

"Viazi vimeiva."

"Sema, nakuona!"

"Chumvi bado iko mjini, wifi."

Targelia aligeuka kutafuta mwiko, na akaukuta mkononi mwake.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Targelia alitangulia, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono, na kwa mita mia za kwanza kweli alisali: hata kuku wa Don Abelardo walitawanyika. Lakini alikuwa na miaka sitini na mbili, na kilima hakijali. Penye mwinuko wa pili "Salamu Maria" ikawa "Salamu". Penye wa tatu ikawa pumzi tupu.

"Sauti, wifi," Zoila alimchokoza kutoka nyuma. "Huko juu kuna msikilizaji."

"Niache... nameza... hewa."

Wakaikata kona ya mwerezi, na Mzee wa Miwani alikuwa pale.

Safari hii alisimama kwa miguu ya nyuma, pua juu, akinusa. Aliposimama hivyo alikuwa mrefu kama Heriberto. Targelia alirudi nyuma akamshika Zoila mkono kwa nguvu mpaka shanga za rozari zikawaumiza wote wawili.

"Usikimbie," Zoila alinong'ona. "Usimkazie macho."

"Imba," Targelia akamjibu. "Imba, mama, mwiko tutaungama."

Zoila alifungua kinywa. Tangu Desemba hakuwa ameyatamka maneno yale, na yalipofika kooni yalikuja na mwenye nayo: kofia yake, koti lake la mvua, ule mkono aliokuwa akiupunga kila akifika kwenye kona. Sauti haikutoka. Dubu alisogea hatua moja.

Ndipo Zoila akasikia kando yake sauti nyembamba, inayotetemeka kama mlango mbovu:

"Supu ya... supu ya Targelia... ina viazi viwili..."

Sikio la dubu likageuka.

"...kimoja chauliza," Targelia akaendelea kwa sauti zaidi, machozi yakimtiririka, "Chumvi, utakuja lini?"

Mzee wa Miwani akashuka kwa miguu minne. Aliwatazama kidogo, kama mtu anayesikia jina analolijua likitamkwa na mgeni. Kisha akajikung'uta, akaingia bondeni, na matawi yakajifunga nyuma yake.

Walisimama mpaka ukimya ukarudi. Targelia akajifuta uso kwa ukingo wa shali.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Mwanaharamu yule, miaka kumi na tisa kanitangaza mpaka kwa wanyama."

Zoila alianza kucheka, na kicheko kikafungua kilichokuwa kimefungwa. Akalia papo hapo, mara ya kwanza tangu maziko, wifi yake akimshika kiuno. Halafu wakapanda pamoja, wakiimba wawili, kila mmoja kwa sauti yake mbaya. Walivuna mpaka vikapu vikajaa, wakarudi kesho yake, na siku ya tatu, hadi shamba likabaki mabua. Upande wa Don Abelardo hakukuonekana unyayo.

Jumapili, mkutanoni, yeye ndiye aliyesimama kwanza.

"Bunduki haina kazi," alisema. "Swali langu ni moja. Mpaka misa ya mwaka, nani atatangulia njia ile asubuhi? Maana Heriberto hatunaye, na mama Zoila yuko msibani."

Targelia aliinuka, akanyoosha sketi yake.

"Mimi."

"Na rozari?" Don Abelardo akauliza.

Watu wakaanza kukohoa wakificha vicheko. Zoila aliangalia viatu vyake.

"Rozari ni ya kanisani," Targelia alisema. "Njiani nitaimba wimbo wangu. Na atakayebadilisha hata neno moja, dubu asiutambue, nitampikia chakula cha mchana."