Nyumba za Uzi Mwekundu

Koko Masika alikuwa anashona uongo, na alikuwa anaushona vizuri.

Sindano ilizama kwenye kitambaa cha marekani, ikatokea upande wa pili ikivuta uzi mwekundu, na kijumba kikakaa juu ya kilima: kuta, paa, basi. Kando yake vilikwisha kusimama vingine. Kijiji kizima cha Kasondo kilikuwa kinaota mapajani mwake, katika chumba chake cha uani kule La Rochelle, Johannesburg, na paka wa mwenye nyumba amejilaza juu ya vipande vya vitenge kama vile analipa kodi yeye.

Kasoro ilikuwa moja tu. Juu ya kilima kile hapakuwa tena na nyumba, na Masika alijua.

Turudi kidogo nyuma, maana mchuzi hauonjwi kwa harufu.

Watu wa Kasondo, milimani huko mashariki ya Kongo, wana chama chao hapa Johannesburg. Hukutana Jumapili baada ya ibada, kwenye jengo la zamani katikati ya mji, ambalo kila ghorofa ina kanisa lake. Ukipanda ngazi unazipita haleluya za Wanaijeria, unazipita za Wazimbabwe, mpaka ukifika kwenu umebarikiwa vya kutosha na pumzi imekwisha. Kwa miaka mingi chama kilijua kazi mbili, kuzika na kugombana. Lakini mwaka 2017 shirika moja la kanisa likawaambia: kwenu tutajenga nyumba ya kujifungulia, na tutapasua njia ya kuifikia. Ila mpango wa eneo uandaeni wenyewe. Watu wako wapi, maji yako wapi, njia ipite wapi. Tutajenga pale mtakapotuonyesha.

Wanawake walipiga vigelegele. Kule Kasondo mama mwenye uchungu hubebwa kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti na kamba, wanaume wakipokezana mabegani, kushuka na kupanda mpaka hospitali ya mbali. Wengine hufika. Wengine hurudishwa njiani na kitambaa usoni.

Aliyepewa kuongoza mpango ni Carmel, mjukuu wa Masika, anayemwita Koko, yaani bibi. Msichana huyu alizaliwa hapahapa, anasomea mipango ya maendeleo chuo kikuu. Mwaka uliotangulia chuo kilimpeleka India, wilaya moja ya ndani kabisa, ambako lami inakoma na mbuzi wanaendelea. Huko alijifunza kwamba mpango mzuri huanzia sakafuni. Wanakijiji wenyewe hukaa chini, wakachora kijiji chao kwa unga wa rangi, ule ambao wanawake wa kule hupambia vizingiti vya milango, na mbegu zikasimama badala ya nyumba.

"Sisi unga wa rangi tutautoa wapi?" aliuliza Ruphin, mwenyekiti wa chama, ambaye siku za kazi ni mlinzi wa duka la jumla. "Tuna unga wa ugali tu, na huo tunaula."

"Tutatumia kitambaa cha Koko, Président. Na chaki yake ya kukatia nguo. Na maharage."

"Eish! Maharage nayo tunayala!"

"Utayala baadaye, Papa Ruphin. Kwanza weka nyumba yenu."

Kiswahili cha Carmel kilichechemea, lakini kilifika. Watu wazima wakapiga magoti kama watoto wanaocheza bao. Hélène, msusi wa mtaa wa Berea, akachora mto, akafokewa kwamba mto wake unapanda mlima, akaufuta kwa kiganja. Kila mmoja akaweka harage pale alipozaliwa. Maharage yote yakajazana juu kilimani, kuizunguka chemchemi, kama kijiji kilivyokuwa siku walipokikimbia.

Carmel akainua uso. "Koko, wewe ndiye unapiga simu nyumbani kila wiki. Watu bado wako hapa juu?"

Wiki ileile Marcelline, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amemweleza Masika kwenye simu: juu hakuna mtu, wifi. Tangu vita watu wameteremka wote, wamejenga barabarani, Kimbulu. Kutoka Kimbulu hadi chemchemi ya zamani ukianza na jua kupanda, unafika na jua limekukalia utosini. Juu yamebaki makaburi na ngedere.

Masika akayatazama maharage. Moja lilikuwa lake. Chini ya harage lile, lau mtu angeweza kukifunua kitambaa na sakafu, alikuwa amelala Jacques, mumewe. Kwao husemwa kaburi lisilopata moshi wa jiko ni kaburi la mnyama. Nyumba ya uzazi ikijengwa juu, njia itapanda. Njia ikipanda, watu watapanda, na moshi utarudi. Na siku yake ikifika, patakuwa na pa kumpitishia akalale ubavuni mwa mzee wake.

"Wapo," akasema.

Neno dogo, halijazi hata kijiko cha chai. Carmel akatabasamu, akapiga picha kwa ajili ya shirika. Kisha akasema, "Chaki inafutika, Koko. Utudarizie kwa uzi, tuwakabidhi Jumapili ijayo."

Ndiyo maana akawa anashona. Na kila kijumba alichokimaliza kilimtazama.

Katikati ya wiki simu ililia, ujumbe wa sauti kutoka kwa Marcelline. Kuku walisikika nyuma yake, na watoto.

"Wifi! Habari imefika huku, watu wanacheza! Binti yangu Jocelyne tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata. Anauliza, mtaiweka upande wa soko au upande wa kanisa? Nikamwambia, tulia, wifi yangu yuko kulekule mezani, hawezi kutusahau."

Masika aliiweka simu chini ya kitambaa, kama mtu anayemfunika mtoto asije akaamka, akaendelea kushona. Uzi ukakatika. Akatunga mwingine, nao ukakatika.

Alhamisi Carmel akaja kuiangalia kazi. Alikula sombe, kisamvu cha kwao, akalamba vidole, akakishika kitambaa kwenye mwanga. "Nzuri sana, Koko! Halafu mbona hutegi kitendawili? Jumapili pia hukutega. Unaumwa?"

Ni kweli. Masika hakuwahi kuagana na mtu bila kumtegea. Vitendawili vyake watu waliondoka navyo kama unga wa kwenda kupika nyumbani. Lakini tangu lile neno "wapo", kinywa chake kilikuwa kimekauka.

"Haya," akasema polepole. "Mzigo wangu mizani haiuoni, lakini umenipinda mgongo."

"Mtoto wa mgongoni!"

"Mtoto mizani inamwona. Kliniki wanampimia nini?"

"Uzee."

"Mshenzi wewe. Nipe mji."

"Nakupa Durban."

"Nimekwenda Durban, nimekanyaga maji ya bahari, nimekula samaki na miiba yake, wenyeji wamenisindikiza." Hapo ndipo mtegaji hutoa jibu. Masika akafungua kinywa, akakifunga. "Nimerudi. Lakini jibu nimelisahau kwenye taxi."

Carmel akacheka mpaka paka akahama. Kisha akawa anapapasa vijumba vyekundu kwa kidole.

"Kule India kulikuwa na nyanya mmoja, Koko. Siku ya kuchora alikaa pembeni, ushungi umeshuka hadi hapa, hakusema neno. Tukamaliza ramani, wakubwa wakaonyesha bwawa la maji lichimbwe wapi, kila mtu akafurahi. Baadaye tunatembea, tunakuta kitongoji kizima nyuma ya kilima. Watu wanaodharauliwa. Hawakuwekewa hata mbegu moja. Na yule nyanya alikuwa anatoka huko! Bwawa lingewapita mbali."

"Na kwa nini hakusema?"

"Hakuna aliyemuuliza." Carmel akaanza kuvaa koti. "Ndiyo maana mimi sasa nauliza. Ndiyo maana siku ile nilikuuliza wewe, mbele ya watu wote."

Akambusu bibi yake kwenye paji, akakimbilia taxi kabla ya foleni ya jioni. Masika akabaki mlangoni. Yule nyanya wa India hakuulizwa. Mimi niliulizwa, akajiambia. Mimi niliulizwa kwa heshima zote.

Jumamosi, chai ya asubuhi ikiwa bado moto, alichukua wembe akaanza kufumua. Kushona ni kazi ya mikono. Kufumua ni kazi ya moyo, maana kila ulichokitia kwa bidii unakitoa kwa bidii ileile na hakuna wa kukusifu. Nyuzi nyekundu zikamwangukia miguuni. Akaiteremsha Kasondo kutoka kilimani, akaipanga Kimbulu, kandokando ya barabara, soko hapa, kanisa pale, kama Marcelline alivyomweleza. Juu aliacha alama moja tu ya uzi mweusi, ndogo kama mbegu ya mchicha. Akapiga pasi. Lakini marekani ni kama mtoto aliyeonewa, haisahau. Pale vijumba vilipokuwa, vitundu vya sindano vilibaki.

Jumapili Sista Evarista wa shirika alikuwepo, Mtanzania mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kitambaa kikatandikwa mezani.

Ruphin akainama. "Koko, mbona kijiji kimeteremka? Au umetugeuzia kitambaa?"

Watu wakacheka. Carmel hakucheka. Kidole chake kilikuwa juu kilimani, kinapita kwenye vitundu kimoja kimoja. "Koko. Hapa palikuwa na nyumba."

Masika akasimama, akaushika ukingo wa meza.

"Hazikuwepo. Mjukuu wangu aliniuliza nikasema wapo. Hawapo, na nilijua. Marcelline aliniambia kabla. Watu wako chini, Kimbulu. Juu yuko Jacques na wafu wenzake tu. Mimi nilitaka njia ya kwenda kwa mume wangu, na wanawake wenye mimba ndio wangeipanda."

Ghorofa ya chini Wazimbabwe walikuwa wanaimba. Ruphin akayatazama maviatu yake ya kazi.

"Kaka yangu naye aliniambia," akasema hatimaye. "Nikanyamaza. Mzee wetu yuko pale juu."

"Mama yangu pia yuko juu," akasema Hélène, kisha akacheka kicheko kisicho na furaha ndani. "Kumbe tulikuwa tunawajengea wafu nyumba ya uzazi!"

Kama Masika alidhani kusema kungemtua mzigo, alikosea. Sista Evarista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Asante mama kwa kusema. Ila picha ya kwanza tulishaipeleka makao makuu, na mahali palishapitishwa. Kubadilisha, inabidi mtu aende akaone kwa macho. Na mvua zinaanza. Kwa mwaka huu..." Hakumalizia, na hakuna aliyemwomba amalizie.

Kwenye kushuka ngazi, Carmel huwa anamshika bibi yake mkono. Siku hiyo alitangulia.

"Uliniangalia machoni, Koko."

"Ndiyo."

"Wazee wa kule India waliniambia, ukitaka kujua kijiji muulize bibi. Nikajisifu kwamba mimi ninaye wangu."

Carmel alishuka kwa haraka, visigino vikilia, lakini kila ngazi zilipokata kona alisimama akamsubiri, bila kugeuka. Mlangoni, makelele ya wachuuzi wa nguo na makondakta yakiwapokea, akasema akiwa bado amempa mgongo:

"Jibu la kitendawili ni 'wapo', siyo?"

"Ndilo, mama yangu."

Carmel akaitikia kwa kichwa, akavuka robot, ile taa ya barabarani, ikiwa nyekundu.

Nyumbani Masika alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikapata jasho. Alianza kurekodi, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Mwisho akasema kwa pumzi moja: "Wifi, mwambie Jocelyne asiisubiri. Haitajengwa mwaka huu. Nilitaka iwe juu, kwa Jacques, nikadanganya, na sasa imechelewa. Usitafute mwingine wa kumlaumu. Ni mimi."

Ujumbe ukaenda. Ili mikono isikae bure akakinyanyua kitambaa dirishani akikunje, maana Sista alikirudisha kimsubiri mtu wa kwenda kuona. Jua la jioni likapita kwenye vile vitundu, na juu ya kilima nyumba zote zikawaka, ya kina Ruphin, ya kina Hélène, ya kwake. Akakikunja haraka.

Simu ikalia. Safari hii nyuma ya sauti ya Marcelline hapakuwa na kuku wala watoto. Alikuwa amejitenga.

"Nimesikia, wifi. Wanaume nimewaambia wakate miti ya tipoyi mapema, ikauke." Upepo ukasikika. "Lakini Jacques ni kaka yangu. Kila kiangazi ninapanda kule, nampalilia, nawasha moto nachoma mihogo pale kando yake, nakula, ndipo nateremka. Moshi anaupata. Ungeniuliza tu, wifi. Ungeniuliza."