Uzinduzi wa Kitu Kilichoanza Zamani

Huku Muthara hakuna kitu kinaanza mpaka kizinduliwe. Choo ya soko ilizinduliwa mara tatu, na bado imefungwa! Sasa fikiria Winrose, karani wa chama cha maziwa, kompyuta yake imepiga kazi siku kumi na tisa bila mtu kukata utepe. Hiyo ni kesi.

Kuna wanasayansi wanatafuta dawa ya malaria. Hesabu zao haziishi, kwa hivyo wanazigawa vipande vipande kwa mtu yeyote duniani mwenye kompyuta na roho safi. Winrose akajitolea. Kompyuta ya ofisi ikikaa tu, inapiga hesabu. Na ndio isiguse rekodi za maziwa, akaifungia hiyo kazi kwa kontena, yaani kachumba ndani ya kompyuta, kenye mlango wake na kipimo chake cha nguvu.

Kipande chake kilikuwa kimefika asilimia tisini na tisa. Mwisho wa kukirudisha ni Ijumaa, saa kumi jioni. Kikichelewa kinatupwa. Na Mzee Kailemia, mwenyekiti, alikuwa ameapa mbele ya kamati: kipande kisipokamilika, hayo mambo ya kujitolea yatoke kwa ofisi yake.

Ijumaa saa nne asubuhi, Kailemia huyo na kofia ya sherehe.

"Winrose, hiyo kitu zima. Futa kabisa."

"Nifute? Mzee, imebakisha masaa manne na nusu!"

"Mgeni wa heshima anakuja kuizindua. Utazindua aje kitu inatembea? Ni kama kubatiza mtu ako na wajukuu."

"Si azindue mwisho wake?"

"Mwisho hufungwa, hauzinduliwi. Ulisomea wapi wewe?"

Akatoka kutafuta utepe. Winrose akaangalia ile asilimia tisini na tisa. Halafu akili ikafunguka: kontena si lazima iwe moja! Akafungua ya pili, yenye kipande kipya, akaipatia nguvu kidogo kama chumvi ya yai. Ya kwanza akaificha nyuma ya skrini, iendelee kimya kimya.

Mgeni alifika saa saba. Ni Bwana Mbaabu, mwenye biashara ya mbao na lojing'i ya kulala wageni, tumbo limemtangulia. "Muga, baite!" akasalimia watu kwa lugha ya nyumbani. Makofi. Hotuba ya nusu saa. Akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja kama anasukuma trekta.

Asilimia sifuri.

Watu wakangoja. Sifuri.

"Mbona haisongi?" Mbaabu akauliza.

"Winrose!" Kailemia akamfinya bega. "Unataka mgeni aaibike? Songesha!"

Angefanya nini? Akachukua robo tatu ya nguvu, akaipatia kontena ya mgeni. Ile ya ukweli, iliyokuwa imebakisha saa moja, ikaruka ikasoma masaa manne.

"Sifuri nukta moja!" Kailemia akapiga kelele kama goli limeingia.

Winrose akajiambia, wakienda tu kula, narudisha nguvu. Wapi! Mbaabu akakataa kuachana na skrini. "Nileteeni hapa. Nitakula nikiiangalia."

Sahani ya kwanza ikaja, nyama na mukimo. Sahani ya pili. Mfupa unanyonywa polepole, na kila nukta ikiongezeka watu wanapiga makofi, mgeni anapunga mkono na mafuta. Saa tisa ikafika, ikapita. Winrose alipiga hesabu kichwani: nguvu isiporudi kufikia saa tisa na nusu, kwisha.

Akakimbilia Hidaya, mwenye hoteli aliyepika.

"Hidaya, nyama imebaki?"

"Sufuria nusu."

"Dadangu, iishe."

Hidaya akamwangalia, akaangalia lile tumbo likionekana kwa mlango wa ofisi, akafunika sufuria na leso na kuikalia. Mbaabu alipoita sahani ya tatu, akajibu kwa sauti ya matanga, "Woi, mheshimiwa, hata supu imekauka."

Mbaabu akasimama hapo hapo. Saa tisa na dakika ishirini na tano! Kailemia alimfuata mpaka kwa gari, akiomba msamaha kama ng'ombe wake amekufa.

Winrose akazima kontena ya mgeni, nguvu yote ikarudi. Imebakisha dakika thelathini na moja. Hakukaa chini. Saa kumi kasoro dakika nne: kimekamilika, kimetumwa, kimepokelewa! Aliruka mpaka kiti kikaanguka.

Kailemia aliingia, akasoma skrini, akatoa simu mbio. "Nimwambie mheshimiwa kontena yake imemaliza kwa masaa mawili!"

"Si yake, Mzee. Hii ni ile ulisema nifute. Yake iko sifuri nukta tatu."

Mzee akarudisha simu mfukoni polepole.

"Lakini kipande kimekamilika?"

"Kimekamilika."

"Basi kompyuta iendelee, niliapa. Na hiyo ya Mbaabu?"

"Nimezima. Nifute?"

"Ngoja!" Kailemia akavua kofia, akaishika mbele ya kifua. "Usiguse. Kwanza tukubaliane mgeni wa kuifunga ni nani."