Gesi Sakafuni

Mama Kidoti aliliogopa jiko lile tangu siku lilipoingia nyumbani. Lilikuwa jiko la kusimama, plate nne juu na oveni chini, na mume wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alilileta kama mtu anayeleta bibi harusi. Lilikalishwa katikati ya jikoni, majirani wakaitwa kulitazama, kila mmoja akafungua mlango wa oveni na kuchungulia ndani. Wote walisifu jiko. Yeye macho yake yalikuwa kwenye mtungi uliosimamishwa pembeni.

Alikulia kwenye mkaa. Mkaa ukitaka kukuunguza, unakuonyesha wekundu wake kwanza. Gesi haina rangi wala umbo. Fundi aliyeliunga jiko alikuwa amewaambia jambo moja ambalo halikumtoka kichwani: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inatambaa sakafuni kama maji na kujaa kuanzia chini. "Kwa hiyo mkimaliza kupika," alisema, "msifunge vifundo vya jiko tu. Fungeni na mtungi."

Mama Kidoti alilishika neno lile kama amri ya daktari. Mama mkwe wake hakulishika.

Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi tangu Kidoti azaliwe, alikuwa mpishi mstaafu wa hospitali. Alikuwa amepikia wagonjwa kwa masufuria ya kuingia mtu mzima, na hakuona ni kwa nini msusi wa nywele amfundishe habari za moto. Kila jioni Mama Kidoti akirudi kutoka saluni, kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda kugusa valvu ya mtungi. Mara nyingi aliikuta wazi.

"Mama, mtungi haukufungwa."

"Nimefunga hapa mbele. Mlango ukishatiwa komeo, unauwekea na jiwe?"

"Fundi alisema..."

"Fundi anauza mipira na valvu, mwanangu. Lazima aseme."

Mkwe mwenye busara humeza maneno hata kama yana mifupa. Mama Kidoti alifunga mtungi mwenyewe, akaenda kumbeba mtoto. Lakini wakati mwingine, akiwa ameshika kichwa cha mteja, moyo ulimpiga ghafla pa! bila sababu, akajikuta anawaza jikoni kwake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mchana umeme ulikatika mtaa mzima, vikaushio vya saluni vikazima, na mteja aliyekuwa na dawa kichwani akasuuzwa kwa maji baridi na kwenda zake akiwa amenuna. Mwenye saluni akawaambia waende nyumbani. Mama Kidoti alijifunika mfuko wa plastiki kichwani akatembea haraka, akiwa na furaha ndogo ya mtu aliyepewa mapumziko asiyoyatarajia.

Alifungua mlango wa mbele. Harufu ikampiga usoni.

Haikuwa harufu ya kubahatisha, ile ya kujiuliza kama ni yai limeoza au ni mfereji. Ilikuwa nzito, imejaa sebule, inakaa kooni. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua. Alisimama kizingitini, mkono bado umeshika kitasa. Mwili mzima ulimwambia ageuke akimbie.

Kisha akamwona Kidoti.

Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro dogo, sakafuni, kwenye korido inayoelekea jikoni. Bibi alipenda kumlaza hapo ili amwone huku akifanya kazi. Amelala chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya godoro, vidole vinagusa saruji. Chini kabisa. Pale gesi ilipo.

Na ng'ambo ya mtoto, jikoni, kwenye giza la mawingu, Bibi alikuwa amesimama mbele ya kabati. Alikuwa ameweka mshumaa juu ya kisosi. Mkono wa kushoto ameshika kiberiti. Wa kulia tayari una njiti.

Mama Kidoti alitaka kupiga kelele, akajizuia. Akimshtua, je, mkono ule utafanya nini? Aliongea polepole, sauti ikitoka kama ya mtu mwingine.

"Mama. Usiwashe."

Bibi aligeuka. "Ala, umerudi? Nisiwashe vipi na giza hili? Mchele wenyewe siuoni mawe."

"Mama, gesi imejaa. Usiwashe."

"Gesi ya wapi?" Bibi alinyanyua uso, akavuta hewa puani kwa nguvu, mara mbili. "Mimi sisikii harufu yoyote. Umeanza tena."

Na akakisogeza kiberiti karibu na njiti, si kwa ubishi, ila kama mtu anayemalizia kazi aliyokwisha kuianza.

Mama Kidoti hakukumbuka baadaye jinsi alivyoivuka korido ile. Alikumbuka tu kwamba aliruka godoro, na kwamba aliushika mkono wa mama mkwe wake kwa mikono yake yote miwili, akaufumba ngumi juu ya kiberiti, akaubana. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa mama yule isipokuwa kwa kumsalimia. Bibi alimtazama kwa hasira. Kisha akaona uso ulio mbele yake, na hasira ikamwisha.

"Mtoto," alisema Mama Kidoti. "Mama, tumtoe mtoto."

Alimnyanyua Kidoti. Alikuwa mzito, kichwa kimeanguka nyuma kama cha mwanasesere wa kitambaa. Hakuamka. Alimpa Bibi, akamsukuma mgongoni, wakatoka barazani, wakashuka kwenye mvua, wakakimbia hadi kwenye geti la jirani, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akisahihisha madaftari.

"Gesi imevuja," Mama Kidoti alimwambia. "Nishikieni mtoto. Mtu yeyote asikaribie na moto."

Mwalimu alimpokea Kidoti, akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akaanza kumsugua mgongo. Mama Kidoti alitaka kubaki pale. Alitaka kuona kifua kile kinapanda na kushuka. Lakini alikuwa amekumbuka kitu kingine, na kitu hicho kilimtia baridi kuliko mvua.

Umeme.

Kwa mawingu yale, taa ya jikoni lazima ilikuwa inawaka umeme ulipokatika. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Friji nalo lilikuwa limechomekwa. Umeme ukirudi, friji litashtuka kama linavyoshtuka siku zote, na cheche moja tu inatosha. Nyumba zimebanana mtaa ule. Ukuta wa jikoni kwake ni ukuta wa choo cha mwalimu.

Alirudi mbio. Swichi kuu ilikuwa nje, ukutani mwa baraza, ndani ya kisanduku cha bati. Maadamu umeme haujarudi, kuishusha hakungetoa cheche. Alifungua kifuniko cha bati. Alishika swichi, akafumba macho, akaishusha.

Kimya.

Alijaza mapafu hewa ya nje, akabana pumzi, akaingia. Jikoni alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia mara ya kwanza kwa kelele za mvua juu ya bati: mlio mwembamba kutoka nyuma ya jiko, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Shshsh. Alipiga magoti kwenye mtungi. Valvu ilikuwa imelegea wazi. Aliizungusha kulia. Vidole vyake vilikuwa na maji, vikateleza. Akaifuta kwa sketi, akaizungusha tena.

Hapo ndipo mashine ya kusaga, mwisho wa mtaa, ilipoanza kunguruma.

Umeme ulikuwa umerudi. Alisikia redio ya nyumba ya pili ikidakia wimbo katikati. Macho yake yaliganda kwenye taa ya jikoni juu ya kichwa chake. Je, aliishusha swichi mpaka mwisho, au aliiacha katikati? Hakuweza kukumbuka. Kifua kilikuwa kinawaka kwa kukosa hewa. Alisubiri mwanga uje, na katika kusubiri huko hakuwaza dua wala mume wala maisha yake; aliwaza kwamba hakumbusu mtoto kabla ya kumwacha kwa mwalimu.

Taa haikuwaka. Friji halikushtuka. Aliikaza valvu hadi mwisho, mlio ukakatika, akausukuma mlango wa nyuma na kuangukia uani. Akatapika mate matupu.

Ndipo akasikia Kidoti analia. Kilio kikali cha mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati wake na kunyeshewa mvua. Mama Kidoti alikaa kwenye tope, akakisikiliza kama watu wanavyosikiliza muziki.

Zahanati walimpima mtoto kifua na macho, wakawaweka hadi jioni wakimwangalia. Muuguzi alisema alikuwa amelewa ile hewa, na angechelewa kutolewa, hadithi ingekuwa nyingine. Nyumba iliachwa milango wazi. Usiku ule walilala kwa mwalimu.

Fundi alikuja asubuhi. Kwanza alimsalimia Bibi, "Shikamoo mama," kisha akalivuta jiko kutoka ukutani, na hakuhitaji kutafuta sana. Mpira wa gesi ulikuwa umebanwa kati ya ukuta na mgongo wa oveni. Umeungua, umekuwa mgumu, umepasuka ufa wa urefu wa kidole.

"Nani alilisukuma jiko nyuma hivi?"

"Mimi," Bibi alisema. "Nilikuwa nafagia. Jana asubuhi nikaoka mkate."

Fundi alikata mpira mpya, akaupitisha pembeni mbali na joto la oveni, akaufunga kwa vibanio vya chuma. Alitoboa ukuta, mtungi ukahamia nje uani chini ya kibanda kidogo chenye matundu chini. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akamwita Mama Kidoti ainame atazame. "Povu likitulia, salama. Likichemka viputo, funga mtungi, niite. Fanya hivi kila mnapobadilisha mtungi. Na mpira huu usiungoje upasuke. Ukianza kukakamaa tu, unabadilishwa."

Povu lilitulia. Alipokuwa akikusanya vifaa, fundi aliuliza, kama mtu anayeongea na begi lake, "Ila kitu kimoja sijaelewa. Ufa kama ule, harufu yake inamfikia hata mpita njia. Aliyekuwa ndani hakusikia?"

Bibi aliinuka akaenda kukaa uani.

Mama Kidoti alimfuata baada ya fundi kuondoka. Alikuwa na maneno mengi, na mengine yalikuwa makali. Bibi alimtangulia.

"Ile homa niliyougua mwaka jana," alisema, akitazama mikono yake. "Iliondoka na pua yangu. Sisikii kitu. Wala vitunguu, wala kinyesi cha mtoto. Napika kwa mazoea."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mwanangu yuko barabarani, wewe uko kazini. Kazi yangu hapa ni jiko na mtoto. Nikisema pua imekufa, mtaniachia jiko? Mtaniachia mtoto? Na hata jana uliponiambia gesi, nilijua huenda ni kweli. Niliogopa kukubali. Njiti ilikuwa mkononi, mwanangu. Ningewasha."

Maneno makali ya Mama Kidoti hayakutoka. Alikaa karibu na mama mkwe wake.

Walimpigia simu mume, wakamweleza kila kitu, pamoja na habari ya pua. Ngurumo ya lori ikisikika nyuma yake, akasema wamsubiri, asilaumiwe mtu.

Kwa majuma kadhaa hakuna aliyethubutu kumwacha Bibi peke yake na Kidoti, na wa kwanza kukataa alikuwa Bibi mwenyewe. Alikwenda na mkwe wake na mtoto saluni kila asubuhi, akakaa kwenye benchi la wateja, akimkanya mtoto asile nywele bandia. Chakula walipika jioni, wawili pamoja, dirisha wazi hata kwa baridi. Mume alipofika alifunga kengele ndogo ukutani, chini karibu na sakafu, inayolia ikinusa gesi. Bibi aliijaribu mara nyingi hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya kwanza Bibi alipobaki tena nyumbani na mjukuu, Mama Kidoti alipiga simu mara nyingi kiasi kwamba mteja aligeuza kichwa. "Dada, unanisuka au uko ofisi ya simu?"

Akapiga mara moja tena. Ikaita muda mrefu. Ikapokewa.

"Tuko barazani," Bibi alisema kabla hajaulizwa. "Mtungi nimeufunga. Madirisha yako wazi. Kidoti anakula tope. Suka watu, mwanangu, nami niache nipumue."

Mama Kidoti aliweka simu kwenye mfuko wa aproni, akagawa nywele za mteja mistari miwili. Kisha akaanza kusuka.