Kipande cha Maua

Swabra si mtu wa kuogopa ovyo. Kapiga video za harusi kutoka Kisauni mpaka Likoni, kasukumana na mashangazi wenye viwiko vigumu kama mchi, na hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Lakini kwa Bi Mwanatumu alitetemeka, na sababu anayo.

Siku ya hina ya Nadira, mjukuu wa Bi Mwanatumu, ilikuwa ya wanawake watupu. Mnajua mambo yetu: mlangoni kikapu, simu zote ndani, hata ya yule aliyejidai anangojea kupigiwa na daktari. Kamera moja tu ndiyo iliyopita, ya Swabra. Humo ndani mabuibui yakavuliwa, nywele zikaachiliwa, na Nadira akacheza mpaka asumini zikamdondoka kichwani. Bi Mwanatumu akamshika Swabra mkono mbele ya watu.

"Mwanangu, jicho la mwanamume lisiione hii. Niapie."

Swabra akaapa, tena kwa sauti, kila mtu akasikia.

Shida ikawa mamake Nadira. Alikuwa amelazwa Muscat, harusi hakuiwahi, na kila siku akipiga simu anauliza kama mwanawe alipendeza. Video yenyewe ilikuwa kubwa, haipiti kwenye simu ya mgonjwa hata umwombe nani. Na ile programu ya kubana video aliyokuwa nayo Swabra ilikuwa kuukuu. Ukibana mpaka ipite, nyuso zinatoka kama uji. Kupeleka kwa wenye saibaa, vile vibanda vya intaneti, nako, astaghfirullah, hao si wanaume?

Aliyemwonyesha njia ni Bonface, jamaa wa bara mwenye saibaa ng'ambo ya barabara hapo Magongo, Changamwe. Hakuuliza video ni ya nani.

"Kuna enkoda mpya ya bure, programu ya kubana video," alimwambia. "Inaandikwa na watu wa kujitolea. Hawakupi programu ikiwa tayari, unachukua msimbo, yale maandishi yenyewe iliyoandikwa nayo, unaijenga kwa mashine yako. Hiyo video yako haitoki kwa nyumba."

Hilo la mwisho ndilo lililomwingia Swabra. Akajifungia chumbani, akateremsha msimbo, akafuata maelezo neno kwa neno. Malori ya mafuta yanapita nje, madirisha yanatikisika, na mistari inashuka kwenye skrini kama mvua. Mara ya kwanza alisahau kuweka chombo kimoja kidogo kiitwacho nasm, programu ikajengeka lakini ikawa inatambaa kama konokono. Akafuta yote, akaanza upya. Ilipomaliza akaiweka kwenye kompyuta, akajiona mwanamke kweli kweli.

Haya, bana video sasa. Ikaenda vizuri hadi pale kamera ilipogeukia maua yaliyozungushiwa taa za kumetameta, programu ikafa. Akairudia, ikafa pale pale. Akawaandikia mafundi wa enkoda, hao wa kujitolea walio huko kwao. Mmoja akajibu kwa adabu: tuletee kipande kinachoiua, lakini kikate kama kilivyo, usikibane upya.

Swabra akakata maua peke yake. Akakitazama, akakitazama tena kwa makini, jicho limekaribia kugusa kioo. Maua, taa, ukuta. Hamna mtu, hamna hata kidole cha mtu. Akakipa jina "maua ya Nadira", akakipandisha kwenye ukurasa wao.

Majibu hayakukawia: kosa limeonekana, limerekebishwa, chukua msimbo mpya. Akaujenga upya, akabana, na video ikatoka ndogo yenye nyuso safi. Akaituma Muscat kwa mgonjwa, akapiga kigelegele peke yake chumbani.

Kwa ile furaha, akasema acha nimalize na yale majaribio, kwa kuwa maelezo yalishauri ukishajenga upime. Kompyuta ikaanza kuteremsha video za kupimia na kuzijaribu moja moja. Imepita. Imepita. Kisha akaliona jina: maua ya Nadira. Imepita.

Akaifungua video iliyotoka kwenye jaribio hilo. Kabla ya maua, kabla ya taa, alikuwapo Nadira, kichwa wazi, mabega wazi, anacheza.

Yarabi! Akakumbuka yale ambayo kila mpiga video anayajua na siku ile hakuyafikiria. Video haiweki kila picha nzima. Huweka moja kamili, zinazofuata ni mabadiliko tu. Ukikata bila kubana upya, kipande hurudi nyuma hadi ilipo ile picha kamili. Programu ya kuonyeshea video kwenye kompyuta yake iliziruka zile za nyuma, ikamwonyesha maua, naye akaamini. Lakini zilikuwamo, na mafundi wamekitia kipande kile ndani ya majaribio yao, na kila mtu duniani anayeijenga enkoda ile na kuipima anapewa Nadira.

Aliandika kwa vidole vinavyokosa herufi: itoeni, nawaomba, itoeni. Yule fundi akajibu upesi, tena kwa masikitiko. Ameitoa. Ila waliokwisha kuichukua wanayo, na hilo yeye hana uwezo nalo.

Hapo ndipo Bonface alipomjia akilini. Swabra alivuka barabara bila kutazama malori, buibui kalivaa upande.

"Ile enkoda mpya umeijenga?"

"Asubuhi. Nimepima, yote imepita. Kwani?"

"Kuna ulichofungua?"

"Nifungue nini?" Bonface alimtazama usoni, akainuka akampisha kwenye kiti. Swabra akafuta kwa mkono wake mwenyewe, wateja wakimshangaa.

"Hapa kwangu imeisha," Bonface akasema polepole. "Lakini hiyo kitu inajengwa kila mahali, Swabra. Siwezi kukudanganya."

Akavuka tena barabara kurudi kwake. Mlangoni kwake, juu ya kiti alichotolewa na jirani, ameketi Bi Mwanatumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa. Nimekuja kwa miguu yangu, sikutaka kukushukuru kwenye simu." Machozi yalikuwa yanamtiririka bibi wa watu. "Mamake kaiona. Kaiona yote, analia na kucheka. Wauguzi wa kike wamekusanyika kitandani." Akamvuta karibu, akashusha sauti. "Na lile tuliloagana? Hakuna aliyeona?"

Swabra alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale pale ulimini, wallahi, ulikuwa pale. Akautazama uso ule uliojaa furaha, akaogopa.

"Hakuna, bibi."

Bi Mwanatumu akaweka kiganja juu ya utosi wake, akafumba macho.

"Mungu akusitiri kama ulivyomsitiri mjukuu wangu. Hivyo hivyo, mwanangu, asikupunguzie wala asikuzidishie. Wewe na kizazi chako."

Akangoja. Kiganja hakikuondoka.

"Itikia, mwanangu."

Swabra alihisi baridi inamshuka mgongoni, jua la Changamwe linawaka.

"Amin," akasema.