Mita Sita za Namba Nne

Saa moja na nusu asubuhi Breki alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, akipima upepo wa tairi la mbele kushoto. Aliandika kipimo kwenye karatasi, akahamia la nyuma, akaandika tena. Kisha akapakia viroba viwili vya mchanga kwenye kiti cha nyuma, kila kimoja na uzito wa mtu mzima, akavifunga mkanda.

Matairi yaliyokuwa yakipimwa msimu ule yalikuwa ya kiangazi, ya magari madogo yanayopenda mbio. Yalikuwa ya aina nane. Mhandisi alikuwa ameyabandika utepe mweusi juu ya majina na kuyapa namba, ili mpimaji asijue anapima la nani akaja kumpendelea mjomba wake. Breki hakuwa na mjomba kwenye biashara ya matairi, lakini taratibu ni taratibu.

Kazi yake ilikuwa kusimamisha gari. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili, kwenye lami kavu na kwenye lami iliyomwagiwa maji, hata kila mtu akamwita Breki na jina alilopewa na wazazi wake likachakaa. Mtu akimwita kwa jina hilo, yeye mwenyewe aligeuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Aliishi peke yake katika nyumba ya kazini, hatua mia mbili kutoka kwenye uzio wa uwanja wa majaribio. Mkewe alikuwa amekwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Aliaga kwa miezi mitatu. Sasa yule mtoto alikuwa na miaka minne na anajua kufunga viatu. Hapakuwa na ugomvi wala talaka. Kila Jumapili simu ililia, mkewe akauliza, "Umekula?" naye akajibu, "Nimekula," kisha simu akapewa mjukuu, ambaye hakusema kitu ila alipumua humo kwa dakika moja. Breki alisikiliza ile pumzi mpaka mwisho, akakata simu, akaosha sahani yake.

Namba Moja ilisimama kwenye mita ya thelathini. Hiyo ni kutoka mwendo wa kilomita themanini kwa saa, kwenye lami yenye maji. Namba Mbili ilikaribia hapohapo, na Namba Tatu vilevile. Siku ya nne ikaja zamu ya Namba Nne.

Breki alikanyaga breki penye mstari mweupe kama kawaida. Gari likapita mita ya thelathini. Likapita ya thelathini na moja. Hapo akawaona watu watatu wamesimama katikati ya njia: mwanamke mwenye mfuko wa vitambaa, tarishi aliyeshika baiskeli, na mwanamume aliyekumbatia kioo kikubwa cha kabati. Mguu wa Breki ulikuwa umeshafika mwisho wa pedali, na chini ya mwisho hakuna mahali pengine. Ndani ya kile kioo aliliona gari lake mwenyewe likija, na nyuma ya usukani mzee aliyefumba macho.

Gari liliwapita kama upepo unavyopita kwenye pazia, likasimama kwenye mita ya thelathini na sita.

Breki alishuka, akarudi nyuma kwa miguu.

"Habari za asubuhi. Hamjaumia?"

"Hapana," alijibu yule mwanamke, akikung'uta maji kwenye pindo la gauni. "Kabaridi tu hapa magotini. Ni majaribio, sivyo?"

"Ni majaribio."

"Basi sawa. Majaribio hayaumizi mtu."

Alikuwa fundi cherehani. Alieleza kwamba alikuwa anavuka barabara kwenda kununua nyuzi, akajikuta amesimama pale. Tarishi alikuwa na barua ya mtu wa ghorofani. Yule wa tatu alikuwa fundi vioo. Alikuwa akipeleka kioo kwa mteja, na alikataa katakata kukiweka chini, maana lami ina mawe. Wakamuuliza Breki ni saa ngapi, akawaambia. Walikubaliana kwamba bado ni mapema, wakaendelea kusimama.

Breki alikwenda kutoa taarifa. Mhandisi alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, makini, asiyependa maneno mengi. Alimtazama juu ya miwani.

"Mzee, wanavuruga vipimo?"

"Hapana. Gari linasimama palepale."

"Basi waandike kwenye sehemu ya maoni. Na wavae vizibao."

Ofisa usalama akaleta vizibao vitatu vya kung'aa na daftari la wageni. Wote watatu walitia saini. Fundi vioo alitia kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ya kioo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Namba Tano, na njia ilikuwa tupu. Maji yalitiririka kwenye lami, gari likasimama, mashine ikaandika, basi. Namba Sita, vivyo hivyo. Breki alitambua haraka kwamba wale watu huja na Namba Nne tu, na husimama kwenye zile mita sita ambazo tairi zuri halizifiki. Alikuwa mpimaji, haikumchukua hesabu kubwa kuelewa maana yake. Aliiandika kwenye maoni kwa mwandiko unaosomeka.

Kisha akaomba kurudia Namba Nne. Alisema joto la lami lilikuwa limebadilika. Mhandisi aliruhusu. Wiki iliyofuata akaomba tena, safari hii akasingizia upepo. Mhandisi akamsifu mbele ya wenzake kwa kutolipua kazi.

Kati ya mzunguko na mzunguko, matairi yakipoa, alikaa na wageni kwenye nyasi akawamiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Alianza kubeba vikombe vinne. Tarishi alijua habari za kila mtu na aliziacha zote nusu, kwa sababu bahasha ya mtu haifunguliwi. Fundi vioo alicheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe, ikabidi wenzake wacheke bila kujua wanacheka nini.

"Kaka," fundi cherehani alimwambia siku moja, "hilo shati mabega yamekushuka. Ulinunua ukiwa mnene?"

"Nilinunuliwa. Na mama watoto."

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Kwa binti."

"Tangu lini?"

"Mtoto sasa anafunga viatu."

"Aa," alisema fundi cherehani. Alitoa futi yake ya kitambaa, akamsimamisha, akampima mabega, kifua na mikono, akikariri namba kwa sauti ndogo. Breki alisimama kama gari lililopandishwa kwenye jeki. Hakukuwa na mtu aliyemgusa kwa muda mrefu, ukimtoa daktari wa kazini, na huyo hugusa mara moja kwa mwaka.

Ijumaa, matokeo yalijumlishwa. Kwenye lami kavu Namba Nne ilikuwa ya kwanza. Kwenye kona, ya kwanza. Kwa utulivu wa sauti, ya kwanza tena. Kwenye maji ilishika mkia. Kwa kanuni za miaka yote, maji yalikuwa na alama thelathini katika mia, na kwa alama hizo Namba Nne haikuwa hata kwenye tano bora. Lakini mhariri wa jarida la magari, ambalo ndilo lililoagiza majaribio, alipiga simu kushauri kwamba alama kumi zingetosha.

"Ni matairi ya kiangazi," alisema. "Msomaji wangu anataka kukimbia kwenye jua. Mvua inahusu nini?"

Wenye Namba Nne walikuwa wamelipia tangazo kwenye jalada la nyuma la jarida kwa mwaka mzima. Mhariri hakulitaja hilo, na Mhandisi hakuliuliza.

Mhandisi alimwita Breki kwa ajili ya saini.

"Mita sita, Mhandisi," Breki alisema. "Na zina watu."

"Nimesoma maoni yako, mzee. Fomu haina kipengele cha watu." Alisukuma kalamu mezani taratibu, bila ubaya. "Bila saini ya dereva, matokeo hayatoki. Ukikataa, sikulaumu. Nitawaandikia warudie kwa kanuni ya zamani, na hii Namba Nne itaondoka. Yaliyoshindwa yanakwenda kusagwa Jumatatu."

"Na linaloshinda?"

"Linaingia majaribio marefu. Miezi mitatu."

"Kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

Breki alitazama dirishani. Njia ya majaribio ilikuwa imeanza kukauka na hapakuwa na mtu. Alifikiria miezi mitatu ya vikombe vinne. Alifikiria pia Jumatatu, na kurudi kukaa kwenye nyasi na chupa nzima ya chai ambayo mtu mmoja haimalizi. Akatia saini.

Jarida likatoka, na Namba Nne ikiwa na medali kwenye picha. Watu wakainunua sana. Mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko miezi yote ambayo Breki aliikumbuka. Alinyoa kila siku. Jumapili mkewe alimuuliza, "Umekula?" akajibu kwamba amekula, na akaongeza bila kuulizwa kwamba alikula na watu.

Mvua ya kwanza ya kiangazi ilinyesha Jumanne, fupi na nzito, ile inayoikuta lami ina vumbi na mafuta. Jumatano baiskeli ya tarishi ilikuja peke yake. Ilikuwa imesimama kwenye mita ya thelathini na tatu, rimu ya mbele imejikunja kama namba nane, mfuko wa barua umening'inia, barua zote kavu. Fundi cherehani aliisogeza kando na kuiegemeza kwenye koni. Wakanywa chai. Kikombe cha tarishi Breki alikijaza kama kawaida, kikapoa.

Baada ya mvua ya pili njia ilijaa vipande vya kioo. Ofisa usalama alifagia, kwa sababu vingeweza kutoboa matairi.

"Dada," Breki alisema walipobaki wawili, "mvua ikinyesha usivuke barabara."

"Duka la nyuzi liko ng'ambo, kaka."

"Nitakuletea mimi."

"Utajua rangi?" Alimtazama kwa huruma. "Unavaa soksi mbili tofauti."

Breki alitazama chini, akaona kweli. Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mhandisi kuomba saini yake irudishwe. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo ya fomu na kutafuta kwa uaminifu. Ilikuwapo fomu ya kuomba likizo na fomu ya kubadilisha anwani. Ya kurudisha saini haikuwapo. Alimpigia mhariri mbele yake. Mhariri alisema toleo lile lilikwisha hadi nakala ya mwisho, na barua za wasomaji zilikuwa za kusifu tu.

"Nilijaribu, mzee," Mhandisi alisema.

"Hata mimi," alijibu Breki, lakini hakuwa amejaribu wakati wa kujaribu, na alijua.

Mvua ya tatu ilinyesha siku mbili mfululizo. Fundi cherehani hakuja tena. Breki alikamilisha mizunguko yake kumi, gari likasimama kila mara kwenye mita ya thelathini na sita, na njia ikawa nyeupe kwa maji mwanzo mpaka mwisho.

Jumamosi alikwenda kwenye ile barabara aliyowahi kutajiwa na fundi cherehani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani. Duka la nyuzi lilikuwa upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na kinyozi, na karibu naye mlango wenye kufuli.

"Unamtafuta fundi?" kinyozi aliuliza, wembe mkononi. "Pole, mzee. Amefariki. Alhamisi, mvua ikinyesha."

"Gari?"

"Gari. Na dereva si mlevi wala nini, analia mpaka leo. Halafu matairi yake mapya kabisa, yale yaliyoshinda. Hakuna mtu hapa aliyeelewa."

Breki aliuliza kama marehemu ameacha shati lolote la kiume ambalo halijamalizika. Kinyozi alisema ndugu zake walichukua kila kitu, cherehani, vitambaa, hata viti.

"Wewe ni nani wake?"

Breki alipandisha mabega ya shati lake.

"Mteja," akasema.

Alisimama ukingoni mwa barabara mpaka saa ya duka la nyuzi kufungwa. Magari yalipita, na kwa sikio lake la miaka ishirini na miwili aliyatambua kwa sauti. Kati ya kila manne, moja lilikuwa na Namba Nne. Lilipita kwa utulivu mkubwa, kama karatasi ilivyosema.

Jumatatu alipoingia njiani kwa mzunguko wa kwanza, aliwakuta watu kumi na mmoja. Shehena mpya ya Namba Nne ilikuwa imefika madukani. Uongozi haukuchelewa. Ndani ya wiki mbili mabenchi yalijengwa kando ya njia, kati ya mita ya thelathini na ya thelathini na sita, na juu yake paa la bati. Kwenye mwongozo wa majaribio kikaongezwa kifungu: kabla ya mzunguko wa kwanza, dereva awasalimu waliopo. Idadi yao iliingia kwenye fomu, chini ya joto la hewa. Haikupewa alama.

Breki alifuata kifungu. Alitembea kutoka mwanzo wa mabenchi mpaka mwisho, akasalimia mmoja mmoja. Kwenye benchi la mwisho alikaa bibi mwenye kikapu cha mayai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo pa kusubiri?"

"Ndipo."

"Tutakaa sana?"

"Inategemea mvua," alisema Breki.

Bibi alitazama mbingu, akaona ni safi. Alisogeza kikapu chake, akapiga benchi kwa kiganja, pale palipobaki nafasi. Breki alikaa. Alikaa mpaka taa ya kijani ilipowaka mara ya pili na Mhandisi akapiga filimbi. Ndipo alipoinuka, akaaga, akarudi kwenye gari, akalifikisha kwenye themanini, na penye mstari mweupe akakanyaga breki.